Raspberry Pi kwenye redio ya ridhaa, Kisumu na magharibi mwa Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu wanaonipigia simu, wanaonisimamisha sokoni Kibuye Jumapili nikitafuta waya, na vijana wa vyuo wanaofika nyumbani na Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, mkobani. Majibu ni ya mtu anayeendesha kituo kidogo Kisumu kwa betri na sola. Kama una haraka, anza na swali la 5 na la 8. Karibu kila Pi niliyoletewa ikiwa "mbovu" ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni umeme safi au saa sahihi.

## Mwanzo

1. Redio ya ridhaa ni nini, na kompyuta inaingia wapi?

Ni mawasiliano ya redio yanayofanywa na watu binafsi wenye leseni, bila biashara na bila ujumbe wa siri, kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kujenga urafiki. Zamani vifaa vilikuwa maikrofoni au kibonyezo cha Morse. Siku hizi sehemu kubwa ya mawasiliano ya mbali hupitia kompyuta: inageuza maandishi mafupi kuwa milio, redio inairusha, na kompyuta ya upande wa pili inaisikiliza na kuirudisha kuwa maandishi.

Mtindo unaotumika zaidi ni FT8, uliotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke. Herufi F na T ni za majina yao, na Taylor ndiye mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel ya 1993 pamoja na Russell Hulse. FT8 husomeka hata ishara ikiwa imezama desibeli 21 hivi chini ya kelele ya ukanda wa hezi 2500, mahali ambapo sikio halishiki kitu. Ndiyo maana wati 5 kutoka Kisumu hufika Ulaya.

2. Je, ninahitaji leseni?

Kwa kurusha, ndiyo. Hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, nayo ndiyo hukupa alama ya mwito, yaani jina lako la hewani. Alama zilizotengewa Kenya huanza na 5Y au 5Z, na utakazosikia zaidi hewani ni za 5Z4. Chama cha Amateur Radio Society of Kenya ni mahali pazuri pa kuuliza kabla hujajaza fomu.

Programu itakubali herufi zozote utakazoandika kwenye nafasi ya alama ya mwito. Usijaribu kujibunia. Vituo vingi duniani huweka kila wanachonasa kwenye ramani za intaneti, kwa hiyo jina la uongo huonekana siku hiyo hiyo. Kama bado unasubiri leseni, nenda swali la 20. Kazi ya kupokea ipo nyingi.

3. Nina laptopu. Kwa nini ninunue Pi?

Kama laptopu yako ni nzima, anza nayo. Programu ni zile zile, na sitaki mtu atumie pesa ya karo kununua kifaa asichokihitaji.

Faida ya Pi ni kwamba hutumia umeme kidogo sana, wati 3 hadi 6 kwa Pi 4, na inaweza kukaa imewaka usiku kucha karibu na redio huku laptopu ya nyumbani ikifanya kazi za watoto za shule. Nimeiweka yangu ndani ya boksi moja na redio na betri. Nikienda Dunga ufuoni au kwa wazazi Nyakach, nabeba boksi na waya wa antena, basi.

4. Ninunue Pi ipi?

Pi 4 yenye gigabaiti 2 au 4. Ilitoka 2019, inamudu FT8 bila kuhema, na inakula volti 5 kwa ampea 3, kiasi ambacho vibadilisha-volti vingi vya sola vinaweza kutoa.

Pi 5 ya 2023 ni ya kasi zaidi, lakini inataka chaja ya ampea 5 inayoweza kuzungumza nayo na kukubaliana. Ukiilisha kwa kibadilisha-volti cha kawaida kutoka betri ya volti 12, haijui kwamba umeme upo wa kutosha, hivyo inabana milango yake ya USB hadi miliampea 600 kwa jumla. Redio inayojilisha kupitia USB, GPS na kadi ya sauti vikikaa pamoja hapo, kimoja kinakatika. Kuna mpangilio wa kuondoa kikomo hicho, `usb_max_current_enable=1` kwenye faili ya `config.txt`, ila uuweke tu kama una uhakika kibadilisha-volti chako kinatoa ampea 5 za kweli.

Pi 3 ya rafiki aliyehama pia hufaa, polepole kidogo. Pi Zero 2 W ina megabaiti 512 tu za kumbukumbu. Iache kwa kazi moja nyepesi kama WSPR (kupima ishara dhaifu inafika wapi) au APRS (kutuma mahali ulipo na ujumbe mfupi).

## Umeme

5. Stima ikipotea ghafla, Pi inaharibika?

Pi yenyewe mara chache. Kinachokufa ni kadi ya kumbukumbu. Umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, faili zinabaki nusu, na asubuhi Pi haiwaki tena. Mwaka wa kwanza nilipoteza kadi tatu namna hiyo, moja ikiwa na orodha ya mawasiliano yangu ya miezi minne. Sikuwa na nakala. Bado inaniuma.

Dawa yake ina hatua tatu. Kwanza, usiilishe Pi moja kwa moja kutoka soketi ya ukutani. Pitisha umeme kwenye betri, ili stima ikipotea Pi isijue. Pili, zima kwa amri, `sudo shutdown -h now`, usubiri taa ya kijani itulie ndipo uchomoe. Tatu, ukiweza, acha kadi na uwashe Pi kutoka diski ya SSD kwenye mlango wa USB. Pi inayofanya kazi isiyobadilika, kwa mfano kupokea tu, unaweza kuifungia kadi isiandikwe kabisa kupitia menyu ya `raspi-config`, sehemu ya overlay.

Na hifadhi nakala ya orodha yako. WSJT-X, programu ya FT8, huiweka kwenye faili `wsjtx_log.adi` ndani ya folda `.local/share/WSJT-X`. Jitumie mwenyewe kila wiki.

6. Betri ya ukubwa gani itanitosha?

Tufanye hesabu pamoja. Pi 4 na vikorokoro vyake ni kama wati 5. Redio ndogo ya wati 5, aina ya QDX, inavuta kama wati 13 inaporusha. Kwenye FT8 unarusha sekunde 12.64 kati ya kila 30, yaani asilimia 42 ya muda, kwa hiyo wastani wa kurusha ni wati 5 na nusu hivi. Ongeza kidogo kwa kupokea. Jumla ni wati 11.

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ya kengele za ulinzi, ina wati-saa 84, lakini haifai kuimaliza zaidi ya nusu. Unabaki na 42, na ukitoa kinachopotea kwenye kibadilisha-volti, unapata saa tatu na nusu hivi. Inatosha jioni moja ya giza. Betri ya lithiamu-chuma-fosfeti ya ampea-saa 20 inakupa kama saa kumi na sita, tena ni nyepesi kubeba. Redio ya wati 100 ni hesabu nyingine kabisa. Hiyo inataka ampea 20 ikirusha, na Pi inakuwa tone tu.

Pawabenki ya simu inafaa Pi peke yake, mradi isikatize umeme unapochomeka au kuchomoa chaja. Nyingi hukatiza kwa kitambo kidogo, na kitambo hicho kinatosha kuiwasha Pi upya. Jaribu kabla hujaiamini.

7. Naona alama ya radi ya manjano kwenye kona ya skrini. Ni nini?

Umeme umeshuka chini ya volti 4.63. Mara nyingi kosa ni waya mwembamba wa chaja ya simu. Andika `vcgencmd get_throttled`. Ikijibu `0x0` uko salama, ikijibu `0x50000` ujue umeme umewahi kushuka tangu ilipowaka, hata kama sasa unaonekana sawa. Nunua waya mfupi na mnene kabla hujanunua chaja nyingine.

## Saa

8. Kwa nini kila mtu anasisitiza saa?

Kwa sababu FT8 ni kama ngoma: wote wanaingia pamoja. Kila dakika imegawanywa vipande vinne, vinavyoanza sekunde ya 0, 15, 30 na 45. Programu inasikiliza kipande kizima, kisha inafasiri. Saa yako ikiwa imepotoka sekunde mbili au zaidi, utaona mistari mizuri ya rangi ikishuka kwenye skrini na usipate herufi hata moja. Lenga kubaki ndani ya sekunde moja.

Hapa ndipo Pi inapowakwaza watu. Pi 4 na zilizoitangulia hazina saa yenye betri ndani. Ikizimwa inasahau wakati. Ikiwaka inaendelea kutoka pale ilipokumbuka mwisho, mpaka ipate intaneti. Mtu anatoka mjini, anafika Mbita penye upepo mzuri na mti mrefu, anawasha, kimya. Anadhani antena imekatika.

9. Nipate wapi saa sahihi bila intaneti?

Njia ninayoipenda ni kipokezi kidogo cha GPS cha USB. Sakinisha `gpsd` na `chrony`, uvifungamanishe, na baada ya dakika chache chini ya anga wazi saa inakuwa sahihi kuliko unavyohitaji. Kukiweka chini ya mabati ni kazi bure, kipitishe dirishani.

Njia ya pili ni kipande cha saa aina ya DS3231 kinachokaa kwenye pini za Pi na betri yake ya sarafu. Hupotoka chini ya sekunde moja kwa siku kadhaa, kwa hiyo kinatosha safari ya wikendi. Pi 5 ina saa yake ndani lakini betri lazima uinunue kando; wengi hawajui wanashangaa.

Njia ya dharura ni simu: washa hotspoti hata kwa dakika mbili tu, Pi ijirekebishe, kisha zima.

10. UTC ni saa ngapi kwetu?

Kenya iko saa tatu mbele ya UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima, na orodha zote za mawasiliano huandikwa kwa UTC. Ila sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili, na kuna njia ya mkato ambayo sijaona ikiandikwa: mchana, chukua saa ya Kiswahili uongeze tatu. Saa tatu asubuhi ni 06:00 UTC. Saa kumi jioni ni 13:00. Usiku ongeza kumi na tano: saa moja usiku ni 16:00. Ikifika au kupita 24, toa 24, nayo tarehe imeshageuka, kwa maana siku ya UTC huanza kwetu saa tisa usiku.

Tarehe hiyo ndiyo inayowaponyoka watu. Mawasiliano ya saa nane usiku wa kuamkia Jumatano bado ni ya Jumanne kwenye UTC. Iache Pi iandike yenyewe.

## Programu, waya na sauti

11. Nisakinishe programu zipi?

Weka Raspberry Pi OS ya biti 64, kisha kwenye dirisha la amri:

`sudo apt update`
`sudo apt install wsjtx fldigi direwolf gpredict`

WSJT-X ni ya FT8 na WSPR. Fldigi ni ya mitindo ya kuandikiana kwa mazungumzo marefu, PSK31 na wenzake, hata Morse. Direwolf ni ya APRS. Gpredict inakuonyesha setilaiti zinapita lini. Matoleo haya yanaweza kuwa nyuma kidogo ya yale mapya kabisa, na kwa anayeanza hilo halina neno. Ongeza JS8Call ukizoea, maana inaruhusu sentensi halisi badala ya salamu za FT8 zilizopimwa kwa herufi.

12. Naunganishaje redio na Pi?

Pi haina mlango wa kuingiza sauti. Redio za kisasa kama Icom IC-7300 au QDX zina kadi ya sauti ndani, hivyo waya mmoja wa USB unapitisha sauti na amri zote. Redio za zamani kama Yaesu FT-817 zinahitaji kadi ya sauti ya USB na kiunganishi katikati.

Ukishachomeka, mpe mtumiaji wako ruhusa ya mlango: `sudo usermod -a -G dialout $USER`, kisha toka na uingie upya. Hatua hii ikisahauliwa programu inalia kwamba haioni redio. Kwenye mipangilio ya WSJT-X chagua aina ya redio yako, na badala ya `ttyUSB0` tumia jina refu lililoko kwenye `/dev/serial/by-id`, kwa kuwa majina mafupi hubadilishana ukichomeka GPS na redio kwa mpangilio tofauti.

Sauti ya kupokea iweke ili kipimo kisome karibu 30 bendi ikiwa tulivu. Sauti ya kurusha ipunguze mpaka kipimo cha ALC cha redio, kinachoonyesha sauti imezidi, kisisogee. Ukiipandisha zaidi, milio yako inachafuka na kuwafunika majirani wa masafa, na wewe mwenyewe husikiki vizuri zaidi. Na sauti za kawaida za kompyuta, kengele za ujumbe na muziki, zielekeze HDMI, zisije zikaingia hewani.

13. Redio imeandikwa USB, na waya pia ni USB. Ni kitu kimoja?

Hapana. Kwenye redio, USB ni ukanda wa juu (upper sideband), namna ya kurusha sauti. FT8 hutumia huo ukanda wa juu kwenye bendi zote, hata ile ya 7 MHz ambako watu wa sauti hutumia ukanda wa chini.

14. Mraba wangu wa gridi ni upi?

Wanaredio wameigawa dunia katika miraba yenye majina ya herufi na tarakimu, ya kusema uko wapi. Programu itakuuliza wako, na ukikosea utaonekana baharini. Kisumu ni KI79, pamoja na Ahero, Homa Bay, Kisii na Kericho. Nakuru ni KI89. Kakamega, Bungoma na Eldoret ni KJ70.

Mpaka kati ya KI na KJ ni ikweta yenyewe, na ikweta inapita Maseno, pale penye alama kando ya barabara ya Busia. Mwanafunzi anayehama bweni hapo anaweza kubadilisha si mraba tu bali hata herufi za mwanzo. Wakusanyaji wa miraba duniani wanajali sana jambo hili. Kila ninapoita kutoka KI79 nafuatwa na wengi kuliko ninaoweza kuwajibu jioni moja, na ningefurahi sana kumsikia mtu wa KJ70 akigawana nami kazi hiyo.

## Hewani

15. Antena gani, na niiweke wapi?

Anza na dipoli, antena ya waya wenye mikono miwili, ya bendi ya 14 MHz. Gawanya 143 kwa masafa: 143 kwa 14.074 ni mita 10.16, yaani kila mkono mita 5 na sentimita 8. Waya wa kawaida wa umeme unatosha. Katikati iinue juu ya mwembe au mwanzi mrefu, mikono ishuke kama paa la nyumba. Iwe mbali na mabati kadiri uwanja unavyoruhusu.

Waeleze majirani kabla hujapanda. Mama jirani yangu aliniita akaniuliza, "Mwanangu, huo waya hautaleta radi kwa watoto wangu?" Nilimwonyesha ninavyouchomoa na kuutoa nje mvua ikikaribia, nikamfanya asikie Morse. Sasa mawingu yakikusanyika ndiye anayenikumbusha kuchomoa.

16. Nisikilize masafa gani, saa ngapi?

Bendi ya 14.074 MHz ndiyo mama wa zote, kuanzia asubuhi hadi usiku. 7.074 ni ya usiku. 21.074 na 28.074 hufunguka mchana jua likiwa na nguvu. Mzunguko wa nguvu za jua ulifika kilele mwaka 2024, hivyo miaka hii bado ni mizuri ingawa inashuka taratibu.

Sisi wa ikweta tuna zawadi ambayo watu wa Ulaya wanaitamani. Baada ya jua kutua, tabaka la juu la anga katika pande mbili za ikweta ya sumaku, inayopita kaskazini mwetu huko Ethiopia, huinama na kubeba mawimbi ya 28 na hata 50 MHz moja kwa moja hadi nchi za Mediterania. Weka Pi kwenye 28.074 au 50.313 kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, hasa Machi, Aprili, Septemba na Oktoba. Kuna siku ni kimya. Siku nyingine Italia na Ugiriki zinaingia kwa nguvu kuliko Nairobi.

Kupima kama bendi imefunguka, sikiliza vinara vya kimataifa, vituo vinavyorusha ishara ya kupimia kwa zamu, kwenye 14.100 MHz. Viko 18, kila kimoja kina sekunde 10, na zamu huzunguka kila dakika tatu. Kenya ina nafasi yake kwenye zamu hiyo: 5Z4B.

17. Radi je?

Bonde la Ziwa Viktoria ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na watu wa Kisii wanajua bei yake. Mvua zetu za alasiri huja haraka. Ukisikia ngurumo ya kwanza, chomoa waya wa antena na uuweke nje ya nyumba, kisha chomoa waya wa USB kati ya redio na Pi, na chaja ya ukutani. Hakuna kifaa cha kuzuia radi ninachokiamini kuliko mkono uliochomoa mapema. Usichomoe wakati radi imeshafika juu yako. Hapo kaa mbali na waya.

## Matatizo na hali za pekee

18. Pi inaganda au USB inakatika kila ninaporusha. Kwa nini?

Mawimbi ya antena yanarudi kupitia waya na kuingia kwenye USB. Nilihangaika nalo wiki mbili, nikasakinisha mfumo mzima upya mara tatu, kumbe kosa lilikuwa nje ya nyumba: antena ya waya mmoja iliyolishwa kutoka mwisho, na waya wa kulishia uliokuwa sehemu ya antena bila mimi kujua.

Punguza nguvu hadi wati 1. Tatizo likitoweka, umepata mshtakiwa. Zungusha waya wa kulishia mara kadhaa kwenye pete ya feraiti mahali unapoingia nyumbani, vika feraiti kwenye waya wa USB ncha zote mbili, na tumia waya mfupi. Dipoli iliyolishwa katikati, kama ya swali la 15, haina ugomvi mwingi namna hiyo.

Tatizo lisipotoweka kwa wati 1, rudi swali la 7.

19. Nawasoma wengi lakini hakuna anayenijibu.

Kama unawasoma, saa yako ni nzuri. Fungua ramani ya PSK Reporter kwenye intaneti utazame nani amekunasa. Ukiwa umenaswa Afrika Kusini na Uhispania, kila kitu ni kizima. Ongeza subira, na sogeza mlio wako mahali patupu kwenye dirisha la rangi badala ya kumwita mtu juu ya mlio wake. Usipoonekana popote kwa nusu saa bendi ikiwa wazi, tazama kama redio inatoa nguvu kweli, na kama sauti ya kurusha inakwenda kwenye kadi sahihi (swali la 12).

20. Sina leseni wala redio. Pi inaweza kunifundisha nini?

Nunua kipokezi cha RTL-SDR, kile cha USB kinachopokea kuanzia 24 hadi 1766 MHz, na programu ya SDR++ au Gqrx. Kwanza utasikiliza Kituo cha Kimataifa cha Angani kwenye 145.800 MHz kinapopita. Gpredict itakuambia lini.

Kisha kuna jambo ambalo kwetu limekaa vizuri kuliko karibu popote. Setilaiti ya Es'hail-2, iliyorushwa 2018, imebeba mitambo ya wanaredio wa ridhaa iitwayo QO-100. Imesimama juu ya ikweta kwenye nyuzi 25.9 mashariki. Ukiwa Kisumu iko karibu utosini, nyuzi 80 juu, ikiegemea magharibi kidogo. Haihami, mchana na usiku. Sahani ya zamani ya televisheni na kichwa chake cha kawaida (LNB), kile chenye masafa ya ndani ya 9750 MHz, hushusha sauti zake za 10489.75 MHz hadi 739.75 MHz, ambapo RTL-SDR inasikia bila shida. Kichwa kinahitaji umeme wa volti 13 kupitia kifaa cha kuuingiza umeme huo kwenye waya wa antena; hakikisha volti hizo hazifiki kwenye RTL-SDR, zitaichoma. Na kama sahani yako ni ya duara kamili, itatazama juu kama bakuli na kujaa maji ya mvua, kwa hiyo itoboe tundu dogo chini.

Nimeona wanafunzi wa sekondari wakisikia mazungumzo ya Brazili, Ulaya na Afrika kwa pamoja kutoka sahani iliyokuwa imetupwa nyuma ya nyumba. Sijawahi kuona somo la fizikia linalonyamazisha darasa vile.

21. Kelele imejaa bendi nzima. Ni Pi?

Zima kila kitu isipokuwa redio kwa betri, usikilize. Kisha washa kimoja kimoja. Kwangu Pi ilikuwa ya nne kwenye orodha. Mbele yake kulikuwa na kontrola ya sola, balbu za LED za bei ya chini na chaja ya simu. Kontrola ya sola hutulia jua likizama, nayo hiyo ni dalili tosha ya kuitambua.

22. APRS ya 144.800 MHz inafika wapi kutoka Kisumu?

Kuvuka ghuba kuelekea Kendu Bay na Homa Bay, vizuri, maana maji hayana kizuizi. Kuelekea Nandi, ukuta wa miamba unaouona kaskazini na mashariki unakata mawimbi; anayeishi juu ya ukingo huo na kuweka Pi yenye Direwolf atakuwa ameunganisha pande mbili ambazo hazisikiani. Anayeishi huko, tuzungumze.

23. Naweza kuitumia bila skrini wala kibodi?

Ndiyo, na ndivyo ninavyotumia yangu. Washa VNC na SSH, njia za kuifungua Pi kutoka kifaa kingine, kwenye `raspi-config`, ifanye Pi itoe mtandao wake wa Wi-Fi, kisha ifungue kwa simu au tableti. Weka nywila yako mwenyewe tangu siku ya kwanza, kwa kuwa anayeingia kwenye Pi hiyo anaweza kubonyeza kitufe cha kurusha kwa alama yako ya mwito. Skrini ya simu ni ndogo kwa WSJT-X. Tableti ya inchi 10 inakaa vizuri mapajani ukiwa chini ya mwembe.